Saruji inaziua nyumba za Lamu, msiisifu

Mhariri,

Gazeti hili limekuwa likiingia nyumbani kwetu tangu enzi za marehemu baba, na mengi nimeyasoma nikanyamaza. Ripoti yenu juu ya nyumba za ajabu za Lamu imenishinda kunyamazia. Bila shaka unaikumbuka: picha kubwa ya ukumbi mweupe unaong'aa, zidaka, yale mashubaka ya ukutani, zimetiwa taa za rangi, na chini yake maelezo kwamba mwenyewe ameiokoa nyumba ya kale kwa kuipiga plasta ya saruji toka sakafuni hadi darini. Mwandishi wenu akaihesabu kazi hiyo kuwa mfano wa kuigwa. Wapo watu hapa watakaomwamini na kuuiga, ndiyo maana naandika.

Nyumba ya mawe ya Lamu ni matumbawe na chokaa. Jiwe lake lina vitundu. Hunyonya mvua, hunyonya na unyevu wa ardhi yenye chumvi, kisha jua likiwaka huyatoa maji hayo tena. Chokaa nayo ni laini, ina vitundu vilevile, kwa hiyo ukuta hupata kukauka. Ukiufunika kwa saruji, maji yakishaingia, yawe yamepita kwenye ufa wa juu au yamepanda kutoka chini, hayana pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, jiwe likaanza kumumunyuka, na siku plasta inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Ubaya mkubwa uko kwenye boriti. Dari zetu zimebebwa na miti ya mikoko ambayo ncha zake zimezikwa ukutani. Ukuta ukikaa na maji, mti huoza pale pasipoonekana, na mwenye nyumba anaangalia rangi nyeupe iliyonyooka akidhani yuko salama.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mama yangu mdogo ana nyumba Mkomani aliyopewa na babake alipoolewa, maana kwetu binti ndiye hupewa nyumba. Watoto wake wote aliwazaa humo. Mtaani ukapita mradi wa kukarabati nyumba zinazoonekana na wageni, bila malipo, na yake ikachaguliwa. Mafundi wakaletwa kutoka nje, watu waliozoea matofali ya simiti. Fundi mmoja mzee wa mtaa, ambaye mikono yake imeshika chokaa tangu utotoni, alikwenda akawaeleza kwa upole kwamba ukuta ule hautaki saruji. Wakamwambia kama ana malalamiko aende ofisini. Wakaibandua chokaa ya kale kwa tindo na nyundo, wakabandua pamoja nayo nakshi ya zidaka ambayo bibi yake mama mdogo aliikuta pale, wakapiga saruji, wakapaka rangi, wakubwa wakaja wakapigwa picha mlangoni. Msimu wa mvua uliofuata ukapita. Masika ya pili unga ukaanza kuanguka kwenye msana wa yuu, ukumbi wa juu, na usiku mmoja boriti mbili zikashuka na kila kilichokuwa juu yake. Anayeijua dari ya Lamu anajua uzito wake: juu ya boriti kuna mawe bapa, na juu ya mawe kuna tabaka nene la kokoto na chokaa lililopondwa hadi likashikana. Lingemwangukia mtu asingeinuka. Mungu alimweka mama mdogo chumba cha ndani usiku ule. Asubuhi tulipochokonoa ukuta, ncha za boriti zilikuwa unga mweusi, zinasagika kwa vidole, na plasta ya nje iko vilevile nyeupe, haina hata ufa. Alipokwenda kulalamika, bibi wa watu na fimbo yake, akajibiwa kwamba mradi umefungwa na nyumba ilikabidhiwa ikiwa nzima. Hakuna aliyekwenda kuitazama. Hakuna aliyempa hata pole. Na zile picha za siku ya ufunguzi bado zinatumika kuonyesha jinsi urithi unavyotunzwa!

Nirudi kwenye ripoti yenu. Mwandishi ameshangaa kuona vyumba virefu vyembamba, akavieleza kama mapenzi ya watu wa kale. Angeuliza fundi yeyote angeambiwa ni boriti. Mti wa mkoko unaofaa kubeba dari kama ile hauvuki sana mita tatu ukutani kwa ukutani, basi upana wa chumba huamuliwa msituni kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Urefu ni wako, upana ni wa mti. Vyumba hupangwa kimoja nyuma ya kingine: kutoka daka, kibaraza cha mlangoni, unaingia kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa jua na hewa, kisha msana, kisha chumba tukiitacho ndani, na sakafu hupanda kidogo kila unapozidi kuingia. Mgeni wa barazani hamwoni mwenye nyumba aliye ndani. Zidaka zilizotiwa taa za rangi ziliwekwa sahani za Uchina na misahafu, nazo huwa kwenye ukuta wa ndani kabisa. Chumba tukiitacho nyumba kati ndipo mama hujifungulia na ndipo maiti huoshwa. Na kule juu, wikio linapovuka kichochoro kuunga nyumba mbili, mara nyingi ni dada kwa dada au mama kwa binti, wanatembeleana pasipo kushuka njiani. Hakuna hata moja la haya katika kurasa zenu mbili. Yako majina ya hoteli.

Mji huu ulitangazwa turathi ya kitaifa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingia katika orodha ya UNESCO. Sheria ipo. Kisichokuwepo ni chokaa na boriti. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, lakini marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwafungia wakata mikoko wetu pamoja na wezi wa misitu ya bara, na mwenye nyumba aliyehitaji boriti nne tu za kuokoa dari yake akawa hana pa kuzipata kwa halali. Nakubali mikoko ilindwe, samaki wetu huzaliwa humo. Lakini aliyepanga marufuku ile hakumfikiria mtu aliyelala chini ya boriti.

Na pikipiki, Mhariri, maadamu kalamu iko mkononi. Mji uliojengwa kwa upana wa punda aliyebeba mzigo sasa unapitwa na bodaboda ufukoni usiku na mchana, na nyingine zinathubutu kuingia hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji, watoto wanapotoka madrasa. Wazee waliozoea kukaa kwenye daka jioni wamerudi ndani. Amri za kuzizuia tumezisikia, tunazisikia huku tukijibana ukutani zikipita.

Ninachotaka ni hiki. Serikali ya kaunti itenge kiwanja kimoja cha tanuru na mashimo ya kuloweka chokaa, maana chokaa nzuri hutaka miezi na haiwezi kuagizwa leo ikapakwa kesho. Sitaki mwamba ulio hai baharini uguswe. Mawe ya magofu yaliyoanguka yapo, na ya machimbo ya Maweni kule kisiwa cha Manda yapo. Atakayeomba ruhusa ya kugeuza nyumba ya kale kuwa hoteli, awe wa hapa au wa Ulaya, asharutishwe kuajiri fundi mmoja wa chokaa na vijana wawili wa Lamu wa kufunzwa naye, walipwe toka siku ya kwanza hadi plasta ikauke. Boriti zinazokatwa kwa kibali ziuzwe kwanza kwa nyumba za ndani ya mji wa kale, kwa kuonyesha dari inayovuja.

Nanyi gazetini mmtume mwandishi yuleyule arudi mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, kwenye ukumbi uleule wa picha. Aende na fundi wa mtaa, si na mwenye hoteli. Waugonge ukuta kwa kisu cha meza kuanzia sakafuni hadi chini ya boriti, na kila panapolia kama patupu paandikwe. Kisha mchapishe, kwa ukubwa uleule.

Mwenye nyumba,
Mkomani, Lamu