Ahsante fundi wa makubadhi, Chake Chake

Umetuomba tusikutaje jina, nasi tunatii. Lakini ahsante yako lazima tuitoe hadharani, kwani kidonda cha kisukari chini ya wayo hakiponi kwa dawa pekee. Mguu umekufa ganzi, mgonjwa hasikii maumivu, hukikanyaga kila hatua na nyama changa husagika. Kukata sugu, kuosha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kufunga bendeji ni kazi yetu sisi wahudumu wa afya. Kupunguza uzito juu ya jeraha umetusaidia wewe kwa makubadhi yako, hasa kwa wasioweza kufungwa plasta ngumu kama ya aliyevunjika mguu, ambayo ndiyo bora zaidi.

Soli ya ndani umeiweka raba laini, nene kama sentimita moja. Umetumia gundi, si misumari. Hukutoboa shimo chini ya kidonda, maana kingo zake zingebana na kufungua kingine. Na mkanda wa nyuma, fundi, huo ndio uliotufurahisha! Kamba ya champali baina ya vidole hukata ngozi pasi na mwenyewe kujua.

Wagonjwa wetu: mkivua, tazameni wayo kwa kioo. Wekundu usipoondoka ndani ya dakika 20, kirudisheni kiatu kwa fundi. Mguu ukivimba, ukinuka au ukianza weusi, nendeni hospitali siku hiyohiyo.