Barua kwa mwanangu anayekuja Bremen

Mwanangu mpenzi,

Salaam alaikum. Mimi, dada yako na mtoto hatujambo, hofu ni kwako wewe. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti husikilizi mpaka mwisho. Dada yako ataipiga picha akutumie. Wewe unaondoka Tanga tarehe 9, mimi narudi siku hizo hizo, kwa hiyo tutapishana angani kama wageni. Niliposikia viza imetoka nililia jikoni, dada yako akadhani nimeungua na mafuta.

Sasa nisikilize. Linaloninyima usingizi ni moja: wewe si mtu wa kufungua barua. Na huku kila kitu kinakuja kwa barua, ya karatasi, ndani ya kisanduku cha chuma pale mlangoni. Benki, bima, mwenye nyumba, idara ya wageni, hata ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Hapigi simu mtu. Hakuna balozi wa nyumba kumi wa kuja kukugongea akuambie umeitwa.

Wiki yangu ya pili hapa kwa dada yako, Wilhelmsburg, mtaa wa Hamburg, nilikuwa natafuta mwiko. Nikavuta droo ya chini, ikagoma, nikavuta tena. Bahasha! Zimepangwa kama khanga za bibi arusi, hata moja haijachanwa. Dada yako, yule aliyekuwa wa kwanza darasani mpaka walimu wakanichoka kwa maringo yangu. Kumbe alipanda treni siku moja bila tiketi, maana stesheni za huku hazina geti, unaingia tu, na wakaguzi wengine wanavaa nguo za kawaida kama abiria wenzako. Faini ni yuro 60. Hakulipa. Ikaja barua ya kumkumbusha, ikaja nyingine, kila moja na gharama zake juu, mwisho ikaja bahasha ya manjano, ya mahakama. Hiyo ya manjano uijue, mwanangu. Tarishi anaandika tarehe kwa kalamu juu ya bahasha, na siku zinaanza kuhesabiwa hapo hapo, uwe umeifungua au umeikalia. Alikuwa na wiki mbili tu za kupinga, nazo zilikwisha bahasha ikiwa imelala chini ya miko na vijiko. Sitini ilishapita mia mbili. Anasema alikuwa na mimba na kila barua ilimtia kichefuchefu. Sikumsema sana, mzazi hasemwi, lakini wewe nakusema.

Ukifika Bremen, kabla hata hujafungua begi, bandika jina lako kwenye kisanduku na kwenye kengele ya mlango. Anwani za huku hazina namba ya chumba, tarishi anasoma jina. Lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, nawe utakaa unadhani umesahauliwa. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile wanalokuita maskani. Na ndani ya wiki mbili uende ofisi ya mji ukaandikishe makazi, ukiwa na karatasi aliyoisaini mwenye nyumba. Bila hiyo huendi mbele wala nyuma.

Mengine utayazoea. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, nunua unga wako Jumamosi. Kigari cha dukani kinataka sarafu. Chupa za plastiki usitupe, nyingi ukizirudisha dukani kila moja ni senti 25. Mimi ndiyo kazi yangu siku hizi, napeleka chupa. Mashine ina tundu la mviringo, unaitia chupa kwa kitako, inaizungusha inaitazama, inaimeza. Juzi moja ilikuwa imebonyea, mashine ikaitema. Nikaitia tena, ikaitema tena. Nyuma yangu foleni. Mzee mmoja akaichukua mkononi mwangu, akaipuliza kwa mdomo kama puto hadi ikanyooka, akanirudishia bila neno. Ikapita. Chupa 11, yuro 2.75, nikanunua tangawizi ya uji wa mzazi. Mihogo, bamia na tui la kopo tunafuata Steindamm, karibu na stesheni kuu. Bei usiulize.

Kijerumani nacho si kigeni kama nilivyokihofia. Nikimtembeza mjukuu napita ukuta ulioandikwa Schule, nasoma mwenyewe. Na bibi yako aliyekuwa akisema hana hata hela, masikini, kumbe anataja pesa ya Wajerumani. Cheti chako cha B2 nimewaonyesha hadi majirani hapa, Waturuki, hawakuelewa ila walipiga makofi. Sasa utumie hicho Kijerumani kusoma barua. Usipoielewa, ipeleke kwa mwalimu wako wa uuguzi, au panda treni uje kwa dada yako, ni kama saa moja. Kuuliza si aibu.

Najua utasema, mama naye. Kiwanja cha Pongwe sina la kueleza, ulikuwepo. Bahasha ilikuwa na mhuri, nikadhani ni deni, nikasema iwe chini ya godoro kwanza mpaka mambo yatulie. Baba yako alikuwa hospitali wakati ule. Haya, ya kwetu tuyaache, nazungumza habari za huku.

Kabla hujaondoka: luku iache na uniti za kutosha, nisirudi nikakuta friji limeoza. Mpangaji wa chumba cha uani alipe kwa mjomba wako, si kwa simu yako. Mkwezi aje Alhamisi, na umsimamie, mwaka jana alihesabu nazi kwa faida yake. Dada yako anataka iliki na mdalasini. Samli usibebe, wala nyama, wala maziwa, forodha ya uwanja wa ndege wanachukua. Embe nazo hawaruhusu bila cheti, ila nazi hawazikatazi. Lete nne, zilizofuliwa.

Na ufunguo wa kabati langu uko ndani ya birika la bati. Rafu ya juu, nyuma ya mashuka, kuna mfuko wa rambo wa zamani umefungwa fundo. Mjomba wako aje, mkae wote wawili mzifungue. Sikumbuki ziko ngapi. Zinazohitaji jibu ziweke mezani chini ya redio, nitazikuta.

Mama yako