Gego la mtoto likitoka halirudi

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama mkulima huku Chamwino, naomba nafasi niongelee meno ya watoto maana hili swala naona halisemwi kabisa.

Mwezi wa 2 mwanangu wa darasa la 3 alisumbuliwa na gego siku nne, halali, hali, jino limetoboka. Zahanati wakampa dawa ya maumivu wakasema mpeleke mjini. Sasa kadi yetu ya CHF iliyoboreshwa (bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii), ile ya 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilikuwa imeisha muda, na mwezi wa 2 huku kwetu alizeti bado iko shambani hela hamna, kwaiyo nikaenda na 25,000 ya kukopa kwa jirani. Nauli ikala yake. Kufika naambiwa kuziba 40,000, kung'oa 10,000. Nikasema ng'oeni tu, si litaota lingine.

Wiki tatu baadae ndo nesi mmoja wa hapa kijijini ananielewesha kwamba yale magego ya kwanza yanaota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, yanatokea nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, ndo maana wazazi wengi tunayadhania ya utoto, kumbe ni ya kudumu. Nililia jamani. Mtoto wa miaka 9 ana pengo la maisha kwa sababu ya tofauti ya 30,000, bei ileile ya kadi!

Na hebu angalieni hapo, matibabu bure ni kwa watoto wa chini ya miaka 5, halafu gego la kudumu linaota akiwa na 6. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, naomba wanaopanga kitita, yaani orodha ya matibabu yatakayolipiwa na bima, wasisahau kuziba jino la mtoto wa shule, na daktari wa meno afike shuleni awaangalie wakiwa darasa la kwanza, mbona chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inawafuata mabinti hukohuko shuleni na inawezekana. Na hela ya kadi turuhusiwe kulipa kidogo kidogo tukishavuna.

Mdogo wake ametimiza 6 juzi. Jana usiku nimemmulika mdomoni na tochi ya simu, gego la chini kushoto limeshachomoza.

Mama wa watoto wanne,
Chamwino, Dodoma