Msiwaombee tu, wapeni na kikapu cha sadaka

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako, nina jambo la wenye ulemavu kanisani limenikaa rohoni siku nyingi na nimeona bora niandike kuliko kuendelea kulisemea jikoni kwangu.

Mi ni mama wa watoto wanne, tunaishi upande wa Ndanda, wilaya ya Masasi huku Mtwara. Sisi ni watu wa kanisani kweli kweli, mume wangu yuko kamati ya uchumi ya parokia, mi niko WAWATA, umoja wetu wanawake wakatoliki, binti mkubwa anaimba kwaya sauti ya pili, anayemfuata anatumikia altareni, kitinda mimba yuko Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani. Alafu kuna wa tatu, kijana wa miaka 17, kazaliwa na Down sindromu. Kwa wasiojua, ni kromosomu moja ya ziada, ile ya 21, mtu anazaliwa nayo, sio laana wala mkono wa mtu, na wale waliokuja kutushauri tumpeleke kwa mganga tuliwapa chai wakanywa wakaondoka. Sasa miaka yote hiyo watu wakisema familia ile inalitumikia kanisa walikuwa wanatuhesabu watano. Yeye hayumo.

Yeye alikuwa wa kuombewa. Kila jumuiya, yaani sisi majirani wakatoliki tunaosali nyumba kwa nyumba, ikisali kwetu lazima atokee mtu amshike kichwa, tumwombee huyu mtoto apone. Apone nini jamani, hana homa! Wakati wanamwombea yeye anahangaika kupanga viti vya wageni, hakuna anayeona.

Parokia tuliyokuwa zamani, siitaji, alikaa mafundisho ya komunyo miaka mitatu darasa lilelile, wenzie wanavaa nyeupe wanapita, yeye anaambiwa hajui kujibu maswali. Mwaka wa tatu nililia maana shati nilishashonesha. Tulipohamia huku paroko akatuambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 777, inamtaka paroko ahakikishe hata wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi, yaani mafundisho ya dini, kwa kadiri hali yao inavyoruhusu. Kumbe sio huruma ya padre, ni wajibu wake. Akamkalisha barazani akamuuliza, mkate wa nyumbani na ule wa altareni tofauti yake nini. Mwanangu akasema, "Wa nyumbani wa chai. Ule wa Yesu." Padre akacheka sana, akasema kuna watu wazima hawana jibu hilo. Pasaka akapokea, na shati lilikuwa limeshambana tukaazima kwa jirani yetu Muislamu, kalipiga pasi yeye mwenyewe.

Ila kilichonifanya niandike sio komunyo, ni kikapu. Kwetu wakati wa sadaka watu wanatoka kwenye mabenchi wanapanga foleni kwenda mbele, na siku moja mshika kikapu hakuja, mtu akampa mwanangu. Basi yeye kila anayetoa anampa mkono na kusema asante kwa sauti, noti ya elfu kumi asante, sarafu ya mia asante, sauti ileile. Foleni ikawa haiendi, kwaya wimbo ukawaishia ikabidi warudie, mzee mmoja akalalamika misa inachelewesha watu mashambani (mume wangu wa kamati ya uchumi hakulalamika hata kidogo, sijui kwa nini). Lakini kuna bibi alikuwa anabaki kwenye benchi kila Jumapili wakati huo maana hana cha kutoa, siku hizi anaenda na yeye, saa nyingine na korosho mbili tatu kiganjani, saa nyingine mkono mtupu, anapewa asante yake anarudi kukaa. Toka hapo kikapu ni chake.

Wazee wa huku wanasimulia jinsi wamisionari wa Ndanda walivyowatunza wenye ukoma wakati watu wanawakimbia. Kutunza tulishafundishwa, toka hao Wabenediktini wafike Ndanda 1906. Sasa mi nasema tumekwama palepale kwenye kutunza. Siku ya watu wenye ulemavu, tarehe 3 Desemba, tunawapa sabuni na mchele, tunapiga nao picha, Jumapili inayofuata hata kusoma tangazo hawapewi. Na msimu wa korosho ukianza ndo balaa, wazazi wanaenda kuokota toka alfajiri, mtoto mwenye mtindio wa ubongo anafungiwa ndani mpaka jioni, siwalaumu maana mtoto wa kubebwa unampeleka wapi na jua lile. Jumuiya yetu msimu uliopita tulipeana zamu, kila siku mtu mmoja haendi shamba anabaki na watoto hao. Haikugharimu kitu zaidi ya kugombana kidogo kwenye grupu la watsapu.

Kuna kijana mwingine anatumia kiti cha magurudumu, anasoma masomo ya misa vizuri kuliko sisi wote, sauti kama ya redioni. Mlangoni kuna ngazi tano, wanaume wanne wanambeba. Siku moja nikamwambia we ni kama yule aliyepooza wa Injili ya Marko sura ya pili, aliyeshushwa darini. Akanijibu, "Mama, yule walimbeba siku moja akarudi kwao anatembea, mi napandishwa kila Jumapili kama gunia la korosho."

Nilinyamaza. Ndo maana naandika, viongozi wa parokia na vigango vya Mtwara na Lindi mkisoma hapa mkaangalie ngazi zenu, alafu mkawaulize hawa watu wanataka kazi gani, muwaulize wao wenyewe sio mama zao. Sisi kwetu fundi kashapima mteremko, anataka mifuko sita ya saruji, tunayo minne, na mwenye kikapu keshaambiwa miwili inatoka kwenye sadaka ya mavuno, kila siku ananiuliza mavuno lini.

Mama wa watoto wanne,
Masasi, Mtwara