Zuhura, naomba sauti yako

Oslo, Novemba

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi na wanangu hatujambo, baridi tu ndiyo inayotutesa. Hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Bi Rehema kanipigia, kaniambia kipindi chako cha hadithi kimeondolewa redioni na tangu hapo umenyamaza, hata kwa Kassim hupokei simu. Nilitaka kukupigia usiku uleule. Kisha nikaona haya ninayotaka kukwambia yanahitaji nafasi, na simu utanikatia. Nina ombi. Lakini kwanza nikusimulie filamu.

Hapa Norway kila tarehe 24 Desemba asubuhi televisheni ya taifa inaonyesha filamu moja kutoka Chekoslovakia ya zamani, Tři oříšky pro Popelku, yaani Kokwa Tatu za Binti wa Jivuni, iliyotoka mwaka 1973. Ni kile kisa cha Cinderella, binti wa jivuni anayeteswa na mama wa kambo. Inatazamwa na kila nyumba, wenye Krismasi na wasio nayo, na shule zikifunguliwa watoto wanarudiana maneno yake. Sasa sikia kilichonishika. Hawakutafuta waigizaji wa kuingiza sauti za Kinorwe, kila mtu na yake. Anasoma mtu mmoja tu, Knut Risan, mwigizaji wa hapahapa. Anasoma binti, anasoma mwana wa mfalme, anasoma mama wa kambo, anasoma mfalme. Sauti za wenyewe zinasikika chini chini, yake imekaa juu. Mwenyewe ameshafariki, lakini sauti yake hawajaibadilisha, na wakiguswa hapo watu wazima wanakuwa wakali.

Si Lufufu huyo, Zuhura? Unakumbuka lile banda la video nyuma ya soko, sisi wasichana hatukuruhusiwa kuingia, tunakaa nje kwenye ukuta tunamsikiliza Lufufu kwenye kanda akimfanya Mchina na Mhindi na Mmarekani waseme Kiswahili? Hatukuona picha hata moja, na visa vyote tulivijua. Wakenya wana DJ Afro, wanafanya vilevile. Miaka yote hii naambiwa eti ule ni ufundi wa kimaskini wa mabanda, kumbe huku nchi tajiri nzima inakaa kitako sebuleni kumsikiliza mtu mmoja akisoma sauti zote, na wanaona ndiyo raha ya sikukuu.

Na binti mwenyewe si yule wa kwenye vitabu vya picha. Hana malaika wa kumgusa na fimbo, wala hakuna saa sita ya usiku ya kumtimua. Anapanda farasi vizuri kuliko wanaume, anapiga upinde, na siku ya kwanza kukutana na mwana wa mfalme msituni anamtwanga tonge la theluji. Zile kokwa tatu anazipata hivi: mtumishi wa nyumbani, mzee Vincek, kaahidi kumletea chochote kitakachomgonga pua njiani. Huyo mwana wa mfalme kwa mchezo wake anafyatua upinde juu ya mti, kokwa zinamwangukia mzee usoni. Ndani ya ya kwanza mna nguo za mwindaji, ya pili gauni la dansi, ya tatu nguo ya harusi. Akiwa na nguo za mwindaji anaingia kwenye msafara wa kifalme, wote wanadhani ni kijana wa kiume, anaangusha tunda la msonobari lililo kileleni na kuvikwa pete ya ushindi.

Halafu anafika kwenye dansi, uso umefunikwa shela. Mwana wa mfalme anataka kumposa palepale. Binti anamtegea kitendawili! Mashavu yamepakaa jivu, lakini si msafisha mabomba ya moshi. Kofia ina manyoya na upinde uko begani, lakini si mwindaji. Gauni limetariziwa fedha, lina mkia mrefu, lakini si binti mfalme. Ni nani? Mwanamume anababaika, hana jibu, na binti anaondoka zake. Hapo ndipo nilipokuwaza wewe. Nilikuona umekaa mbele ya kipaza sauti unasema "Kitendawili!", na watoto huku nyumbani wanaitikia "Tega!" kabla hata binti hajafungua kinywa. Msomaji wa Kinorwe hana hilo. Wewe unalo, na filamu nzima imekaa inalingojea.

Basi ombi ndilo hilo. Salma na wenzake wa madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi, watoto wa Kikongo, wa Burundi, wa kwetu, wanakusanyika kwangu mapumziko ya Desemba. Nataka waitazame sebuleni, sauti ya televisheni tuishushe, yako tuipandishe. Maneno nimeshayaandika kwa Kiswahili, nitakutumia. Usome wewe peke yako, wote. Najua utaniambia tafuta na wengine, mama wa kambo asome Mwajuma, mfalme asome Sefu. Hapana. Wakisoma wengi inakuwa tamthilia. Akisoma mmoja inabaki hadithi, mtoto anakuwa na mtu anayemsimulia.

Na kuna jambo jingine kuhusu filamu hii, nimeona nikwambie wewe hasa. Aliyeandika mchezo wake ni František Pavlíček, aliyekuwa akiongoza jumba la maigizo Praha. Baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia mwaka 1968 alifukuzwa na jina lake likapigwa marufuku. Akaandika hivyo hivyo, filamu akaiongoza Václav Vorlíček, na mama mmoja, Bohumila Zelenková, akakubali jina lake ndilo liwekwe kwenye filamu. Fikiria hatari aliyoibeba mama yule. Siilinganishi serikali ile na bosi wako wa redio, shoga yangu, nasema tu kwamba maneno ya mtu aliyenyamazishwa ndiyo haya yanayorudiwa kila mwaka na watoto wa nchi isiyo yake. Ningejua kuyaeleza vizuri zaidi ningeyaeleza.

Aliyeigiza binti, Libuše Šafránková, alikuwa na miaka 19 walipopiga picha. Alifariki mwaka 2021, na kwenye ngazi za kasri la Moritzburg, karibu na Dresden, kumewekwa kiatu cha shaba pale alipokiacha chake. Filamu ilipangwa kupigwa kiangazi. Wajerumani Mashariki walioshirikiana nao ndio waliotaka iwe majira ya baridi, na theluji ilipokosekana ikatengenezwa. Inasimuliwa kwamba walitumia unga wa samaki! Nguo zilibuniwa na Theodor Pištěk, yule aliyekuja kupata Oscar kwa filamu ya Amadeus. Baba Salma anampenda kwa kazi yake nyingine, Marketa Lazarová ya 1967, ya zama za kati, mbwa mwitu na majambazi na nyumba za watawa, kubwa kwelikweli, lakini hiyo si ya watoto na nikiiona silali.

Tatizo langu moja ni bundi. Binti ana bundi wake, Rozárka, anayemlindia kisanduku cha vitu vyake darini. Kwao bundi ni rafiki. Wewe unajua bundi kwetu ni nini. Bibi yangu akimsikia juu ya paa anatia chumvi motoni. Sitaki kumgeuza njiwa, njiwa wamo tayari, wanamsaidia binti kuchambua nafaka. Nadhani sauti yako ikimpenda, watoto nao watampenda, lakini hapo nahitaji akili yako.

Tukiweza hii, mwakani tufanye Byl jednou jeden král ya mwaka 1955, ya mfalme aliyemkasirikia bintiye kwa kumwambia anampenda kama chumvi. Zote mbili zimetoka kwenye hadithi za Božena Němcová, aliyezikusanya na kuziandika karne ya 19. Wacheki wamemweka kwenye noti yao ya koruna 500. Mwanamke msimulizi wa hadithi kwenye noti, Zuhura!

Sasa nijibu. Unalala? Unakula? Ile simu ya kurekodia bado unayo au uliiuza? Mama wa kambo utamsoma kwa sauti ya nani, ya mwalimu Bi Chiku? Bundi tumwachie jina lake au tumpe la Kiswahili? Kassim anaweza kukuazima chumba chake kisicho na kelele, au niongee naye mimi? Nikutumie maneno yote kwa pamoja, au kidogo kidogo? Na je, ulichukua kanda zako za kipindi, au wamebaki nazo?

Desemba haiko mbali. Nitumie hata kile kitendawili tu, niwasikilizishe Jumamosi.

Wako akupendaye,
Mwanahawa