Barua ya wazi kwa wenye kampuni mnaokuja shuleni na fulana

Wanangu wenye kampuni na mameneja wa Dar es Salaam,

Marahaba. Juzi nilialikwa kwenye shule moja ya kata huku Temeke, siku mliyoiita ya Vijana na Ajira. Mlileta maturubai, spika na fulana zenye nembo. Ofisa wenu akawahimiza watoto wa Kidato cha Nne wajiamini, picha zikapigwa, na kabla ya saa nane gari lilishageuza. Hakuna hata mtoto mmoja aliyepata nafasi ya kuingia karakana kwenu. Nilichukia, na sijatulia.

Nimesimamia mafundi kiwandani hadi nikastaafu, najua mtanijibu nini: "Mzee, sisi tunalipa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi." Sawa, mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea analipa, na mwaka 2023 mlishushiwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Tozo haimwonyeshi mtoto namna ya kushika spana.

Sasa nauli, na hapa mnivumilie. Mwenye sare hupanda daladala kwa Sh200, tena konda akimnunia. Akimaliza mtihani Novemba na kuvua sare, ni nauli ya mtu mzima, kwenda na kurudi, pengine magari mawili. Nanyi mnamwambia aje ajifunze bure! Kijana wa mtaani kwetu alipata nafasi kwenye gereji moja kubwa Barabara ya Nyerere. Akawa anatoka Mbagala kwa miguu. Haikuchukua muda akaacha, na msimamizi akaandika: hana nidhamu. Mtu anaamka saa kumi alfajiri, anashinda njaa huku mafundi wanapakuliwa wali mbele yake, halafu hana nidhamu? Mwanangu wee, pole sana.

Mengine mnayajua. Msiwatoze ada ya fildi, yaani hayo mafunzo ya kazini. Msiwafanye wachemsha chai. Wapeni barua yenye muhuri inayotaja walichojifunza.

Na sisi wazazi tusijitoe kwenye lawama. Tangu Novemba mpaka Kidato cha Tano kifunguliwe Julai, mtoto wa mwenye nacho yuko ofisini kwa mjomba wake, eti anazoea kazi. Wa jirani anauza maji kwenye foleni ya Buguruni. Nafasi zimeshagawanywa kwa simu, tangazo halijabandikwa popote.

Mkuu wa shule anasubiri barua yenu kabla ya mtihani: nafasi ngapi, fundi yupi atawasimamia, na nauli ya wiki kiasi gani.

Wasalaam,
Mzee wenu, Temeke