Barua ya wazi kuhusu kanisa la Waagustino, Mji wa Kale, Mombasa

Mheshimiwa,

Kwa heshima inayostahili cheo chako, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako kwa mkono zilipigwa muhuri na safari yao ikaishia hapo. Wiki iliyopita mafundi wa mtaro waling'oa msingi mnene wa matumbawe na chokaa kando ya njia yetu, na kabla ya adhuhuri kifusi kilikuwa kimekwishapakiwa kwenye lori. Sidai kwamba ulikuwa msingi wa kanisa la Waagustino, watawa Wakatoliki wa zama za Wareno. Ninachodai ni kwamba sasa hakuna atakayeweza kujua.

Watawa hao walifika kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, mwaka 1597, miaka minne baada ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus, wakaweka makao na kanisa lao nje ya ngome, mjini. Humo ndimo Wakristo walimokimbilia Agosti 1631, baada ya Sultani Yusuf bin Hasan, aliyesomeshwa Goa na watawa wa shirika hilohilo na kubatizwa Dom Jerónimo, kumuua kapteni wa ngome. Wengi wao walitoka humo wakauawa. Baba yake Yusuf naye alikuwa ameuawa kwa hila za Wareno, hivyo kisa hiki kina machungu ya pande zote, na pengine ndiyo sababu ofisi yako yaona heri kisahaulike. Au ni bei ya viwanja? Waomani walipoitwaa ngome Desemba 1698, zama za watawa zikakatika, na kanisa lao leo halipo.

Juu ya lango la Fort Jesus, jiwe la mwaka 1639 lingali linamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuwaadhibu watu wa pwani. Jiwe la aliyetuchapa tumelitunza vyema, lakini kanisa halina hata kibao. Mimi hutembeza wageni, na mgeni akiuliza lilikuwa wapi, hubaki kuashiria maduka ya simu, naye hunitazama kama tapeli, na bakshishi hupungua.

Uliahidi mwenyewe, mbele ya wazee na kamera, kwamba kibao kitawekwa kabla ya msimu wa wageni na kwamba hapatachimbwa pasipo mtaalamu wa mambo ya kale. Msimu umepita, kamera tuliziona.

Niliomba uchunguzi, ramani na kibao. Yote hayo nayaweka kando. Simamisha mtaro huo hadi mtaalamu ashuke shimoni atazame, Mheshimiwa. Mafundi wanarejea Jumatatu.

Wako mtiifu,
Mtembeza wageni, Mji wa Kale